Nyumba Ndogo ya Mawe ya Gedi

Watu wengi husema kwamba historia ya nchi yetu imo katika vitabu. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Sehemu kubwa ya historia imo katika vitu ambavyo waliotutangulia walivitumia kila siku, pasipo kufikiri kwamba iko siku vitatazamwa na wageni: chungu, kisima, kaburi, na nyumba. Katika insha hii tutaiangalia nyumba ya namna hiyo. Si jumba la mfalme wala si ngome ya vita. Ni nyumba ndogo ya mawe, makao ya mtu wa mjini mwenye uwezo wa kiasi, iliyojengwa katika mji wa Gedi yapata miaka 500 iliyopita.

Mwanafunzi wa huku Chechelesi, katika Isiolo, ambako ndiko insha hii inakoandikwa, aweza kuuliza: nyumba ya mawe ya pwani yatuhusu nini sisi tulio bara, mamia ya kilomita kutoka baharini, ambao babu zetu walihama na mifugo yao na hawakujenga kwa mawe? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kabla hatujamaliza. Kwanza yatupasa tuufahamu mji wenyewe.

Gedi iko kusini ya Malindi, mwendo wa kilomita 16 hivi, karibu na Watamu. Haiko ufukoni kama ilivyo miji mingine ya zamani ya mwambao. Imejitenga na bahari kwa kilomita kadhaa, na leo imezungukwa na msitu. Eneo lililokuwa ndani ya ukuta wake wa nje ni kiasi cha hekta 18. Ndani ya ukuta huo mna ukuta wa pili, na ndani ya huo wa pili ndimo ulimo msikiti mkubwa, jumba la mtawala, na nyumba kadhaa za mawe. Zamani wataalamu walidhani kwamba mji huu ulianza mwishoni mwa karne ya 13; uchimbaji uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba watu walikaa hapo mapema zaidi, tangu karne ya 11 au ya 12. Kuta nyingi zinazoonekana leo ni za karne ya 15 na ya 16. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Miladi ni mwaka 1399.

Katika karne ya 17 mji uliachwa. Miti ikaota sebuleni, mizizi ikapasua kuta, na watu wa jirani wakapaogopa mahali hapo wakisema kwamba pana mizimu. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, aliyazuru magofu hayo, lakini hayakutunzwa. Serikali iliyatangaza kuwa kumbukumbu ya kale mwaka 1927. Mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alianza kuchimba kwa utaratibu, akaendelea kwa muda wa miaka 10. Mwaka 1969 magofu yalikabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliitia Gedi katika orodha ya urithi wa dunia.

Basi na tuingie katika nyumba yetu. Zipo kadhaa za namna moja, na mpango wake wafanana hata ukiijua moja umekwisha kuzifahamu nyingine. Wachimbaji hawakuyajua majina ya wenyewe, kwa hiyo waliziita kwa vitu walivyovikuta ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Majina haya yana maana kubwa kuliko yanavyodhaniwa. Mwenye nyumba amesahauliwa, jina lake na la watoto wake limepotea kabisa. Lakini mkasi alioupoteza siku moja, pengine akautafuta asiuone, ndio uliobaki kuwa ukumbusho wake.

Nyumba imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo wa baharini ambao magamba yao hushikamana kwa maelfu ya miaka hata yakawa mwamba. Mwambao wetu wote umekalia mwamba wa namna hiyo, maana hapo zamani sana bahari ilifunika mahali ambapo leo ni nchi kavu. Jiwe la nchi kavu ni gumu na lina mashimo mashimo. Hilo ndilo lililotumiwa kwa kuta. Jiwe linalokatwa majini, likiwa bado bichi, ni laini na huchongeka vizuri. Hilo liliwekwa akiba kwa mahali pa kutazamwa, kama miimo ya milango na matao yake.

Kitu kilichoyashika mawe pamoja ni chokaa, nayo ilitoka katika matumbawe yale yale. Mafundi walipanga magogo kwa wingi, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, wakawasha moto. Moto ulipokwisha kazi yake, mawe yaligeuka kuwa unga mweupe, na unga huo ulitiwa maji na kuachwa kwa muda mrefu ili ukomae. Kisha ulichanganywa na mchanga ukawa tayari kwa kazi. Kwa njia hii jiwe lilishikwa na jiwe mwenzake, na ndiyo maana kuta za Gedi zimestahimili mvua za karne nne bila paa.

Paa lilikuwa bapa. Boriti za mikoko ziliwekwa kutoka ukuta huu hadi ukuta wa pili. Juu yake vikapangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa nzito na kupigwapigwa hata ikawa ngumu. Hapa mwanafunzi na afikiri kidogo. Paa kama hili lina uzito mkubwa sana. Boriti ya mkoko ni imara, lakini haiwezi kuubeba uzito huo kwa upana wa kupita kiasi cha mita mbili na nusu au tatu. Kwa sababu hiyo vyumba vyote vya nyumba za mawe za mwambao, iwe Gedi au Lamu, ni vyembamba na virefu. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba chake, au idadi ya vyumba, lakini upana hakuuweza. Mkoko ulioota matopeni ndio uliokuwa na neno la mwisho juu ya umbo la nyumba. Hivyo ndivyo ilivyo katika ujenzi wote: binadamu hukusudia, lakini vifaa humpa mpaka.

Mgeni aliyefika mlangoni hakuiona nyumba mara moja. Alipita katika mlango wenye tao lililochongoka juu, akaingia katika ua mdogo usio na paa. Katika nyumba kadhaa ua huu umechimbwa chini kuliko sakafu ya vyumba, na ukitaka kuingia ndani hupanda kidaraja. Hapo uani ndipo palipotoka mwanga na hewa, kwa kuwa kuta za nje hazikuwa na madirisha ya kutazama njiani. Mbele ya ua kulikuwa na chumba kirefu cha kupokelea wageni. Ukutani mlikuwa na vidaka vya kuwekea taa, na matundu ya vigingi vya kutundikia mazulia au nguo za kupambia. Nyuma ya chumba hicho vilifuata vyumba vya kulala, na kando yake choo chenye shimo lililojengewa kwa mawe na mahali pa kutawadhia.

Nyuma kabisa mlikuwa na kitu cha ajabu: chumba kisicho na mlango. Njia yake ilikuwa tundu dogo lililowekwa juu sana ukutani, na aliyetaka kuingia alihitaji ngazi. Hapana shaka hicho kilikuwa chumba cha akiba. Mwenye nyumba alikuwa mfanya biashara, na mali yake alilala karibu nayo. Tazama basi jinsi nyumba ilivyopangwa kwa daraja: mbele ni mahali pa watu, katikati ni mahali pa jamaa, na mwisho kabisa ni mahali pa siri. Mpango huu unatufundisha adabu ya watu wale, kana kwamba wamesimama wenyewe na kutuambia: heshima ya mgeni na stara ya nyumba havigombani, kila kimoja kina mahali pake.

Vitu vilivyookotwa ndani ya nyumba hizi vinaonyesha upana wa biashara ya wakati ule. Zilipatikana shanga za kioo, vigae vya mabakuli ya kaure kutoka China, na vyombo vilivyopakwa rangi vya kutoka Uajemi. Gedi haikuwa pekee katika biashara hiyo. Mwaka 1415 mji wa jirani, Malindi, ulimpelekea mfalme wa China twiga. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi na kupokewa vizuri. Jambo la kushangaza ni kwamba Wareno, walioandika habari nyingi za mwambao, hawakuitaja Gedi kwa jina hilo hata mara moja, ingawa walikaa Malindi kwa karibu miaka 100, mwendo wa siku moja tu kutoka hapo.

Sasa twafika kwenye swali lililoleta ubishi mkubwa: nani aliyeijenga nyumba hii? Kirkman alipotoa kitabu chake mwaka 1954, alikiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya Mji wa Waarabu wa Gedi. Wasomi wengi wa wakati ule waliamini hivyo. Waliona msikiti, waliona maandishi ya Kiarabu kaburini, waliona kaure za ng'ambo, wakakata shauri kwamba mjenzi lazima alikuwa mgeni. Sababu hizi zaonekana nzito, lakini tukizipima hazitoshi. Mtu aweza kupokea dini kutoka mbali akabaki kuwa mtu wa kwao, na mwenye kununua bakuli la China hageuki kuwa Mchina.

Ushahidi wa upande wa pili ni huu. Kwanza, vigae vilivyo vingi kabisa katika magofu si vya ng'ambo. Ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa na kutumiwa jikoni kila siku. Pili, kaburi lenye mnara wa mawe, ambalo laonekana Gedi na katika miji mingine ya pwani, ni mtindo wa mwambao wetu wenyewe. Tatu, ujenzi wa mawe haukushuka kutoka chomboni siku moja. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Mark Horton alichimba mji wa Shanga katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misingi ya misikiti mingine iliyotangulia, na iliyo ya zamani kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Watu walianza kwa mti, wakaendelea hata wakafika kwenye jiwe, mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi. Tena Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika mwaka 1331, aliisifu misikiti ya Mombasa kuwa imejengwa kwa ustadi, nayo ilikuwa ya mbao.

Mwaka 2023 ulitolewa ushahidi wa namna nyingine. Wataalamu walichunguza mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji kadhaa ya mwambao, ukiwamo Mtwapa, wakasoma alama za ukoo zilizomo ndani yake. Waliona kwamba kwa upande wa mama wengi wa watu hao walikuwa Waafrika, na kwa upande wa baba wengi walichanganyika na damu ya Asia, hasa ya Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo wazee wa pwani waliosema kwamba wamo wahenga wao waliotoka Shirazi hawakusema uwongo. Na wale waliodai kwamba miji hii ni ya wageni watupu walikosea. Mwenye nyumba yetu alikuwa Mswahili: mtu wa hapa, mwenye jamaa na marafiki ng'ambo ya bahari.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumewadhulumu watu wengine, walio wengi zaidi. Nyumba za mawe za Gedi ni chache, nazo zimekusanyika ndani ya ukuta wa ndani. Kati ya ukuta huo na ule wa nje waliishi watu wa kawaida, wakulima na mafundi, katika nyumba za udongo na makuti. Nyumba hizo hazikuacha gofu la kutazamwa. Aliyepika chokaa, aliyekata boriti mikokoni akiwa amezama matopeni hadi magotini, yamkini hakulala hata usiku mmoja chini ya paa alilolijenga. Mgeni anayezuru Gedi leo huiona nyumba ya mwenye mali na kudhani ameuona mji. Ukweli ni kwamba ameona sehemu ndogo, ile iliyokuwa na bahati ya kujengwa kwa kitu kisichooza.

Kwa nini mji uliachwa? Sababu hazikuwa moja. Malindi na Mombasa zilikuwa na uadui wa muda mrefu, na mwaka 1593 Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, mtawala wa Malindi alihamia huko, na nguvu za upande huu zikapungua. Maji nayo yalipungua: Kirkman aliona dalili kwamba kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa kilibidi kuongezwa kina. Mwisho, Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini na mifugo yao, na wakulima na wenyeji wa miji midogo walikimbia mbele yao.

Hapa ndipo jibu la swali la mwanafunzi wa Chechelesi linapoanza. Inasemwa kwamba jina Gedi si jina la kwanza la mji huo. Ni neno la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani. Lugha hiyo ndiyo isemwayo na Waborana, nayo husikika kila siku katika soko la Isiolo. Si lazima tudai kwamba Waborana wa Isiolo ni wajukuu wa wale waliofika Gedi; Waorma wa Mto Tana ndio walio karibu nao zaidi. Lakini wote ni watu wa lugha moja. Kama habari hiyo ni sahihi, mji wa mawe umesahau jina alilopewa na waliouumba, na umebaki na jina alilopewa na wafugaji wasiojenga kwa mawe. Jiwe limehifadhi nyumba, ulimi umehifadhi jina.

Tena yafaa tujiulize kama ni kweli kwamba mtu asiyejenga kwa mawe hana historia. Nyumba ya Wagabra au ya Wasomali wa nchi kavu hufanywa kwa matao ya miti na mikeka, nayo ni kazi ya wanawake. Hufunguliwa, hupakiwa mgongoni mwa ngamia, na kusimamishwa tena mahali penye malisho. Kuiita duni ni kutoelewa kazi yake. Mfanya biashara wa Gedi alihitaji nyumba inayokaa, kwa kuwa mali yake ilikuwa ghalani. Mfugaji alihitaji nyumba inayokwenda, kwa kuwa mali yake ilikuwa na miguu. Kila mmoja alijenga kwa akili. Na pale Waborana walipohitaji kazi ya kudumu waliifanya: katika nchi yao ya kusini mwa Ethiopia vimo visima virefu vya tula, ambamo vijana husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana maji na kuimba, hata maji yafike birikani kwa ng'ombe.

Hata katika kuhesabu miaka hawakupungukiwa. Kaburi la Gedi lina tarehe yake mawe­ni. Waborana nao wana utaratibu wa gada, ambao kiongozi wake, Abba Gada, hushika madaraka kwa miaka minane kisha humwachia mwingine. Wazee wenye elimu hiyo huweza kuwataja viongozi hao mfululizo, mmoja baada ya mwingine, kwa karne nyingi nyuma, pamoja na vita, njaa na maradhi ya wakati wa kila mmoja. Hiyo ni kumbukumbu kama kaburi lilivyo kumbukumbu. Tofauti ni moja tu: jiwe hungoja bila kulishwa, lakini kumbukumbu ya ulimi yataka mtu wa kuipokea. Nyumba ya Gedi iliachwa kwa miaka 300, na mchimbaji alipokuja bado aliikuta. Mzee akifa kabla hajaulizwa, hapana wa kumchimbua.

Kwa hiyo somo la nyumba ndogo ya Gedi ni la watu wa pwani na la watu wa bara pia. Linawaambia wa pwani kwamba kuta zile ni za babu zao, wala wasikubali kunyang'anywa. Linatuambia sisi wa bara tusihukumu watu wa zamani kwa wingi wa magofu yao. Na linamwambia kila mwanafunzi kazi iliyo mbele yake. Mwenye nafasi ya kufika Gedi na aende, atazame upana wa vyumba na tundu la chumba cha akiba, na avifikirie vibanda visivyoonekana tena. Asiye na nafasi hiyo anayo kazi iliyo karibu zaidi. Na amwendee mzee wa nyumbani kwao akiwa na kalamu na daftari, amwulize alizaliwa katika gada gani au katika mwaka wa ukame upi, nyumba ya mama yake ilijengwaje, na kisima walichonywea kilichimbwa na nani. Kisha ayaandike majibu yote kwa uaminifu, na jina la mzee pamoja nayo.